Rili ya Kushoto

Shemeji yangu aliweka rili mbili za kuvulia samaki juu ya kaunta ya duka lake na kuzisogeza mbele yangu, moja nyeusi, moja ya rangi ya fedha.

"Haya shemeji, chagua," akasema. "Uzuri wake hizi hazigombani. Watakaogombana ni nyinyi wawili."

Alichelewa kutabiri. Tulikuwa tumeshagombana tangu asubuhi, mimi na kaka yake, kabla hata chai haijapoa.

Kaka yake, yaani mume wangu, ni fundi wa bodi za magari. Amestaafu, ila ukimwita mstaafu anakununia. Tangu nimjue, siku zake za mapumziko amezimaliza kwenye bwawa la nje ya mji, yeye na wenzake wa gereji, kila mmoja na fimbo yake na ndoana yake. Wao wanaita kuvua. Mimi naita kukaa, maana nimeona samaki wanaokuja nao nyumbani, na nimeona muda wanaoutumia. Lakini alikuwa akirudi jioni na uso mwepesi, na mtu akirudi nyumbani na uso mwepesi, mke mwenye akili hahesabu samaki.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mguu ulirudi. Mdomo nao ulirudi, tena ulitangulia kabla ya mguu, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote anayemjua. Mkono ndio uliobaki nyuma. Ukimpa kikombe anakipokea vizuri, mnakitazama wote wawili, halafu kinamponyoka. Alipokuwa bado amelazwa, rafiki yake mmoja wa gereji alikwenda kumwona, na mume wangu akamwambia aichukue ile rili yake ya zamani, yeye hataihitaji tena. Nilikuwepo. Niliinama chini ya kitanda nikajifanya natafuta kandambili.

Siku tuliyorudi nyumbani aliuweka ule mkono juu ya paja, akautazama kama mgeni asiyeaga. "Mkono wa kulia," akasema. "Mwisho wa yote umestahili jina lake. Kazi yake sasa ni kulia tu."

Nilicheka mbele yake. Kilichofuata nilikifanyia jikoni.

Tangu siku hiyo alihamia kwenye kiti cha dirishani. Hakutoka ila kwenda kliniki. Wenzake wakija kumsalimia, nilitumwa mlangoni niseme amelala, na yeye yuko nyuma ya pazia macho makavu anawasikiliza. Mtaalamu wa viungo alimpa mpira mdogo wa kuminya kwa vidole, ukaishia kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Nilibembeleza, nikafoka, nikanuna. Dua la kuku.

Ndipo asubuhi hiyo, nikiwa nakata kitambaa mezani, akasema bila kunitazama, "Nikipata rili ya kunifaa, Jumamosi nitakwenda bwawani."

Niliweka mkasi chini. Sikuthubutu hata kusema "vizuri," nisije nikalifukuza lile neno kabla halijatua.

"Ya alumini," akaendelea. "Ya kushoto. Kamwambie mdogo wangu hivyo hivyo, usiongeze neno lako."

Mimi, nisiongeze neno! Ndicho kilichotugombanisha. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu ni kuongeza na kupunguza. Na nilijua kitu kimoja kuhusu alumini, kwamba ni chuma, na chuma ni kizito. Nilichokiogopa kilikuwa wazi kama mchana: aende bwawani, arushe mara mbili, mkono umsaliti mbele ya wenzake, arudi kwenye kile kiti na asikiache tena mpaka sisi tumtoe. Nafasi ilikuwa moja tu. Haikuwa nafasi ya kuchezea.

Basi pale dukani nikamwambia shemeji anieleze taratibu, kama anamweleza mjinga.

"Kazi rahisi hiyo," akasema. Yeye na mimi ndivyo tulivyo. Akainua ile nyeusi. "Hii fremu yake ni plastiki, lakini usifikirie beseni. Imechanganywa na nyuzi za kaboni. Haili kutu, haichoshi mkono, mtu anarusha kutwa nzima. Hii nyingine ni alumini, imechongwa kwenye kipande kimoja. Samaki mkubwa akivuta, fremu haijikunji, kwa hiyo gia zinabaki zimeshikana vizuri. Hii nyepesi ikibanwa na mzigo inajipinda kidogo. Kidogo tu, lakini ukizungusha unaisikia inalalamika."

Nikazipima mikononi, moja huku, moja huku. "Tofauti yake ni nini hasa?"

"Ya uzito? Kama yai."

"Yai."

"Yai moja, shemeji. Si kitu."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," nikamwambia. "Libebe yai hilo kutwa kwa mkono mgonjwa, halafu uje uniambie si kitu. Na hii habari ya kushoto ni nini?"

Akageuza ile nyepesi anionyeshe. Rili za namna hii hukaa juu ya fimbo, si chini yake, na dole gumba hukaa juu ya kigurudumu chenye mshipi ili kuuzuia usitoke ovyo. Ubavuni kuna kishikio cha kuzungushia. Kwenye hii, kishikio kilikuwa upande wa kushoto.

"Ya kushoto ndiyo hii. Wa kushoto unazungusha. Wa kulia unarusha na kushika fimbo moja kwa moja, hakuna kuhamisha."

Nilimtazama. "Yaani wa kulia ndio ubebe? Ule ule?"

"Ndivyo boksi linavyosema."

"Kaka yako amerukwa na akili."

"Hajaanza leo," akasema shemeji. "Wewe ulikuja ukamkuta hivyo."

Sikuwa na haja ya kusikia zaidi. Mkono usioweza kikombe ubebe fimbo, mshipi na chuma juu yake, eti kwa sababu mzee alinyoosha chuma maisha yake yote na haoni kitu kingine duniani! Nikamwambia anifungie ile nyepesi. Shemeji akakuna kichwa, akasema kaka alitaja alumini. Nikamjibu kwamba kaka ametaja, lakini aliyetumwa ni mimi.

"Sawa. Ya alumini nakuwekea nyuma mpaka Jumamosi asubuhi," akasema. "Nawajua."

Nyumbani nilimkuta dirishani. Akalipokea boksi kwa mkono wa kushoto, akalipandisha na kulishusha, na hata kabla sijavua viatu uso ukabadilika.

"Hii ni ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Ni ya alumini?"

Nikaanza kupanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Mama watoto, nilikutuma dukani. Sikukutuma kwa daktari."

"Ni nyepesi, baba. Ina nyuzi za kaboni."

"Ina nyuzi za kaboni!" Alilisema kama mtu aliyeambiwa bampa la gari lake limefumwa kwa sufu. "Plastiki naijua mimi. Nimeibandua kwenye magari mpaka kucha zikatoka. Ukiibonyeza inarudi, kweli, lakini hairudi pale ilipokuwa. Wale kambare wa bwawani wanavuta. Fremu ikijipinda, kishikio kinakuwa kizito, na mimi kitu ninachokitaka kuliko vyote ni kishikio chepesi. Chepesi! Fremu iwe nzito itakavyo."

Laiti ningelisikiliza hilo neno la mwisho. Lakini nilikuwa nimeshapanda, na mimi nikipanda sishuki kwa ngazi.

"Huyo kambare wako akivuta," nikasema, "mkono huo utamshika na nini?"

Televisheni ilikuwa ikitangaza sabuni.

"Mkono upi?" akauliza.

"Unaujua upi."

Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira, na hicho ndicho kilichoniuma. Akalisukuma boksi chini ya kiti bila kulifungua.

"Basi Jumamosi sitoki," akasema, akageukia dirisha.

Nilikwenda kwenye chumba changu cha kushonea nikafunga mlango. Nina mashine mbili humo, ya umeme kwa kazi za kila siku, na cherehani ya mkono aliyoniachia mama, ambayo naitumia kwa pindo nene. Nikakaa kwenye ile ya mama, maana ukiwa na hasira ni vizuri kuzungusha kitu. Nikakuta nyuzi zimetatizana tena chini ya sindano, fundo kubwa la kijinga. Ilikuwa desturi yake siku hizo. Kila nikitoka, nikirudi nakuta fundo. Nilikuwa nimeshaipaka mafuta, nimebadilisha sindano, nimeitukana. Nikakata fundo kwa mkasi, nikaitukana upya, na matusi yale hayakuwa yote ya cherehani.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Tulikunywa chai bila kuzungumza. Nilimwekea kikombe chake mahali pake pa kila siku, nikasimama mlangoni kidogo, halafu nikachukua gauni la mteja kwenda kulipeleka. Mteja hakuwepo. Nikarudi, gauni begani, na nilipofika barazani nikasikia cherehani ya mama inazunguka.

Inazunguka taratibu. Taka, taka, taka, inasimama. Taka, taka, inasimama.

Nilivua viatu nikanyata. Mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa nusu wazi. Mume wangu amekaa kwenye kiti changu, ananipa mgongo. Mkono wa kushoto umeshika ufagio wangu kwa mpini, ameuelekeza dirishani kama fimbo ya kuvulia. Na ule mkono wa kulia, ule wa kuning'inia, ulikuwa juu ya kishikio cha cherehani. Ulikuwa unazungusha. Ulizunguka mara kadhaa, vidole vikateleza, mkono ukaanguka kwenye paja. Akaupa muda. Kisha akaunyanyua tena kutoka begani, akaulaza juu ya kishikio kwa kiganja kwanza, halafu vidole vikafuata kimoja kimoja, akaendelea. Hakuwa ametoa uzi kwenye sindano. Chini, lile fundo lilikuwa linajijenga mbele ya macho yangu.

Mwanamke mwingine angelia hapo hapo. Mimi nilichokisema ni, "Kumbe ni wewe unayeniharibia nyuzi!"

Hakugeuka. "Funga mlango," akasema. "Kambare watatoroka."

Niliingia nikakaa juu ya marobota ya vitambaa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu ulipoanza kuitukana." Akauweka ufagio chini. "Sikiliza. Mkono huu haushiki. Nimeshakubali, na wewe usinibishie. Lakini kuzunguka unazunguka. Nikaona cherehani yako inaendaje: wa kushoto unashika kitambaa, wa kulia unazungusha tu. Nikasema, basi. Nitarusha kwa kushoto, nitashika kwa kushoto, na huyu mgonjwa nitampa kazi ya kuzungusha. Ndiyo maana nikakuagiza ya kushoto."

"Lakini ya kushoto ndiyo niliyoleta!"

"Ndiyo umeleta. Ukaleta plastiki. Mkono wa kushoto huu umebeba milango ya malori, leo utashindwa na chuma cha kiganjani?"

Kitu hakikukaa sawa. "Baba," nikasema, "ya kushoto maana yake nini?"

"Maana yake unashika kwa kushoto. Maana yake nyingine ipi?"

"Dukani ya kushoto maana yake unazungusha kwa kushoto."

"Nani kasema?"

"Boksi."

Tukatazamana. Bwawani kwao, miaka yote hiyo, yeye na wenzake wa gereji walikuwa wanaitaja rili kwa mkono unaoishika, kama vile wanavyosema nyundo ya kushoto. Waliotengeneza rili wanaitaja kwa mkono unaoizungusha. Na mdogo wake, ambaye hajawahi kuvua hata dagaa, anasoma boksi. Nikaenda sebuleni, nikapiga magoti, nikalitoa boksi chini ya kiti. Nilipomletea akalishika, nami nikafungua. Rili ikatoka nyeusi, nzuri, nyepesi, na kishikio chake kiko upande wa kushoto kabisa, chini ya mkono ule ule ambao ungekuwa umeshika fimbo.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikampiga mgongoni. "Mngenipeleka bwawani na hii," akasema akifuta macho, "ningevua kwa meno!"

Na mimi nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na mchanga ndani. "Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Umeniacha napigania uzito wa yai kwa ajili ya mkono ambao hukuwa na mpango nao."

Aliigeuzageuza ile rili. "Kila asubuhi," akasema, "unaniwekea kikombe upande wa kulia. Halafu unasimama mlangoni unatazama. Kinanitoka, unafuta meza, kesho unakiweka pale pale. Ningekuambiaje kwamba nimeshahamia kushoto? Wewe ulikuwa bado unaungoja."

Nilikuwa nikijidai namjua huyu mzee, mkaidi wa chuma, asiyetaka kukubali kilichompata. Kumbe yeye alishakubali kitambo, akajifungia na ufagio na cherehani ya mama yangu akaanza kazi. Aliyekataa nilikuwa mimi, na kikombe changu. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu, na chini ya uchungu kulikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Kwa hiyo nikachukua mkasi nikakata lile fundo la nyuzi.

"Utoe uzi kwenye sindano siku nyingine," nikamwambia. "Ni kitendo cha kuvuta tu."

"Sawa, fundi."

Jioni hiyo hiyo nilirudi dukani. "Shemeji," nikasema, "nipe ya alumini. Kishikio kiwe kulia, kama cherehani."

"Kama nini?"

"Wewe nipe. Kuuliza si ujinga, lakini leo duka linafungwa." Alikuwa nayo moja. Akaiweka fimboni mwenyewe, nikamlazimisha aishike kwa kushoto na kuzungusha kwa kulia mbele yangu mpaka nikaridhika. Kishikio kilizunguka kilaini, hakikulalamika. Ilikuwa nzito kweli, na mara hii uzito wake ulinipendeza.

Jumamosi nilikwenda naye. Nilibeba pindo la kushona ili nionekane nina shughuli. Wenzake wa gereji walisimama walipotuona, wote, kisha mmoja akasema, "Ulikuwa umelala sana, bwana," naye akawajibu kwamba kelele zao za mlangoni ndizo zilizomwamsha. Wakamsogezea kiti.

Alirusha kwa kushoto. Mara ya kwanza dole gumba lilichelewa, mshipi ukafumuka juu ya rili na kuwa fundo kubwa, nikalitambua mara moja; lilikuwa ndugu wa yale ya kwangu. Akalifungua kwa meno na kwa vidole vya kushoto. Hakuna aliyemsaidia, na nilikuwa nimewatolea macho ili iwe hivyo. Mara ya pili chambo kilitua kwenye matete. Baadaye kikaanza kutua majini, karibu, kisha mbali kidogo. Mkono wa kulia ulizungusha, ukateleza, ukapumzika, ukazungusha. Nikaanza kushona kweli.

Jua lilikuwa limeshasogea fimbo ilipoinama. Haikuinama kwa utani. Wenzake wakaweka zao chini. Mshipi ulikwenda kulia, ukakata maji, ukarudi kushoto, na mkono wake wa kushoto ukasimama imara kama ulivyosimama chini ya milango ya malori. Rili haikujipinda wala haikutoa sauti. Sasa kila kitu kilikuwa kwenye ule mwingine. Ulizungusha mara moja. Mara mbili. Vidole vikateleza, mkono ukaanguka.

Rafiki yake, yule yule aliyepewa rili hospitalini, akanyanyuka. "Lete nikusaidie—"

"Kaa chini!" nikasema, kwa sauti ambayo nadhani ilifika ng'ambo ya bwawa. Akakaa.

Mume wangu akaunyanyua mkono kutoka begani. Kiganja kwanza. Halafu vidole, kimoja kimoja, kila kimoja kikitafuta mahali pake kwenye kishikio, na samaki anavuta wakati wote huo, na mimi pindo limeniangukia miguuni. Kishikio kikazunguka. Kikazunguka tena. Hapo ndipo yaliponitoka machozi, si ya jikoni, ya hadharani, na kwikwi juu yake.

"Mama watoto," akasema bila kugeuka, macho majini, mkono unazunguka, "hapa wa kulia ni mkono. Wewe lete wavu."

Nikaenda kuleta wavu.